Vyama vya Wanafunzi wa Chuo Kikuu, na Njia ya Kushuka Kariakoo

Mzee mmoja wa kijiji chetu alitujia siku moja baada ya ibada, akiwa na barua mkononi. Barua ile ilitoka kwa mwanawe aliye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ilieleza kwamba kijana hataweza kuja nyumbani wakati wa likizo, kwa sababu chama chake kina kazi. Mzee akasema, "Mwalimu, mimi niliuza ng'ombe wawili ili mtoto asome. Sikuuza ng'ombe ili aingie katika chama. Je, huko Chuoni wanasoma au wanafanya mikutano?" Tulimjibu maneno machache tu, maana jua lilikuwa kali na watu walisimama wakitusikiliza. Lakini swali lake halikututoka moyoni, na twajua ya kuwa wako wazazi wengi wenye swali hilo hilo. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari za vyama hivi, jinsi vilivyoanza na mambo viliyoyatenda, ili kila mzazi apate kupima mwenyewe.

Kwanza ifahamike kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu si mtoto wa kupigiwa kengele tangu asubuhi hata jioni. Saa za kukaa mbele ya mwalimu ni chache, na saa zilizobaki ni zake. Katika saa hizo wengine husoma, wengine hulala, na wengine hukusanyika: hawa kwa kubishana juu ya hoja, hawa kwa kuimba, hawa kwa kusali, hawa kwa mpira, hawa kwa kuandika gazeti. Tena uko umoja wa wanafunzi wote, ambao huchagua viongozi wake na kusema na wakubwa wa Chuo. Desturi hii ilitoka Ulaya pamoja na vyuo vyenyewe, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Nani kati yetu hakupata kuwa katika chama cha kulimiana, au cha kuzikana, au cha ngoma?

Chama cha wanafunzi chenye sifa kuu katika historia yetu hakikuanzia Dar es Salaam. Wakati wa Waingereza nchi ya Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na vijana wachache waliofaulu walipelekwa Makerere, katika Uganda. Mwaka 1943 aliingia huko Julius Nyerere, naye pamoja na wenzake Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wakaanzisha chama cha usitawi wa Waafrika wa Tanganyika. Kisha wakaona haifai kuwa na chama cha wasomi peke yao mbali na watu, wakakifanya kuwa tawi la African Association, ambayo wenyeji wa Dar es Salaam walikuwa wameianzisha mwaka 1929. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia: vijana wale walikuwa na chama chao wenyewe, wakakiunga na chama cha makarani, wafanya biashara na watu wa mjini.

Mwaka 1952 Mwalimu Nyerere alirudi kutoka chuo kikuu cha Edinburgh, akafundisha Pugu, nje kidogo ya mji. Mwisho wa juma alikuwa akifika Kariakoo kuonana na Abdulwahid Sykes na wenzake waliokuwa wakiongoza chama kile. Mwaka 1953 wakamchagua kuwa rais wao, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU, katika nyumba ya chama iliyokuwa Mtaa wa New, ambao sasa huitwa Mtaa wa Lumumba. Hatusemi kwamba hayo yote yalitoka katika mabishano ya wanafunzi wa Makerere. Wazee wa mji walikuwa wamekwisha jenga nyumba kabla kijana hajaja na elimu yake. Lakini alipokuja aliujua mlango, na alijua kubisha hodi.

Tuseme kidogo juu ya mahali penyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kufika. Kariakoo ni mitaa iliyonyoka, yenye nyumba zilizosongamana, na katikati yake liko soko. Jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, Carrier Corps, ambao walikaa pale; na watu wetu walilitamka jina hilo kama ulimi wao ulivyoweza. Kwa hiyo mtaa mashuhuri wa Waafrika katika nchi hii una jina la watu waliobeba mizigo ya wengine. Hata leo wako wachukuzi pale na magunia yao vichwani, ijapokuwa soko la kale lilibomolewa na mahali pake pakajengwa soko kubwa alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Upande wa mashariki, kati ya Kariakoo na mji wa ofisi, uko uwanja wa Mnazi Mmoja, na kandokando ya uwanja hupita Mtaa wa Lumumba.

Basi, katika mtaa huo huo kilifunguliwa Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi yetu, tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita kabla ya Uhuru. Serikali haikuwa na jengo la kukiweka, ndipo TANU ikatoa jengo lake. Chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mkuu wake alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada. Somo lilikuwa moja tu, nalo ni sheria. Wanafunzi hawakufika hata 15. Kati yao alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alifanywa Waziri wa Sheria.

Sisi tulipofika Dar es Salaam na wanafunzi wetu, tuliwapeleka kuuona mtaa ule. Walitazama magari, vibanda vya wauza viatu na bendera za chama, wakauliza, "Mwalimu, Chuo Kikuu kiko wapi?" Tulipowaambia kwamba kilianzia hapa hapa, walidhani twafanya mzaha. Lakini fikirini jinsi mambo yalivyokuwa. Mwanafunzi akitoka darasani alikokuwa akisoma sheria ya mikataba, hatua chache tu anakutana na mwanamke auzaye maandazi na mchukuzi anayegombana na tajiri wake juu ya ujira. Hakuhitaji chama cha kumpeleka kwa watu, kwa maana alikuwa kati yao. Akitaka kusikia mabishano ya siasa, Mnazi Mmoja ilikuwa mbele yake.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1963 Chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia juu ya kilima, upande wa magharibi, mwendo wa kilometa 13 kutoka katikati ya mji. Watu wakapaita Mlimani. Huko yalijengwa majumba mazuri ya kulala, ya kula na ya kusomea, kwa fedha zilizotoka nchi mbalimbali, na upepo wa bahari hufika. Mahali kama pale panafaa kwa kusoma, nasi hatuwalaumu waliopachagua, kwa kuwa jengo la mjini lisingewatosha watu mia, sembuse elfu. Lakini tangu siku ile kila chama cha wanafunzi kimekuwa na swali ambalo wale wa Lumumba hawakuwa nalo: tutashukaje mjini, na tukishuka tutavaa nini?

Mara ya kwanza walishuka na majoho. Joho ni vazi refu la msomi, nalo lilikuwa alama ya heshima ya wanafunzi kwa desturi ya Uingereza. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba kila atokaye chuoni aingie Jeshi la Kujenga Taifa: akae kambini miezi michache, kisha afanye kazi yake kwa asilimia 40 ya mshahara hata itimie miaka miwili. Umoja wa wanafunzi ukapinga. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana wanafunzi wa Mlimani na wa vyuo vingine vya Dar es Salaam, jumla yao wapata 400, wakapita mjini wamevaa majoho, wakibeba mabango. Na bango moja lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Hata wakafika Ikulu mbele ya Rais na Mawaziri wake, na kiongozi wao akasoma maneno waliyoandika, ya kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini roho zao zitabaki nje.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba amekubali maneno yao: hatampeleka kambini mtu ambaye roho yake haiko kule. Lakini akaingia katika habari za mishahara, na hasira ikampanda. Akawauliza kama wanajua mshahara wake, akawaambia ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na pale pale akaupunguza kwa asilimia 20. Mishahara ya Mawaziri na wakubwa wa Serikali ikapunguzwa pia. Wanafunzi akawaambia warudi kwao. Wanafunzi 393 wakafukuzwa, wakarudishwa vijijini kwa wazazi wao. Wengi wao walipokelewa tena mwaka uliofuata.

Hapa twapenda kusimama kidogo, maana jambo hili husimuliwa kwa namna mbili, na kila namna ina nusu ya kweli. Wako wasemao kwamba vijana wale walikuwa na choyo, wamekula kodi ya wakulima na sasa hawataki kulipa. Wako wasemao kwamba walikuwa na haki ya kuulizwa kabla amri haijatolewa. Sisi twaona ya kuwa kosa lao kubwa halikuwa kuandamana. Kosa lao ni kwamba walipita katika mitaa ya watu maskini, wamevaa mavazi ya kuwatenga na watu hao, wakidai mshahara ambao mchukuzi wa Kariakoo hangeuona maishani mwake. Kisha wakashangaa kwamba mji haukuwaonea huruma. Lakini tusisahau ya kuwa maandamano hayo hayo, pasipo wao kukusudia, ndiyo yaliyopunguza mishahara ya wakubwa. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Wako wanaosema kwamba njia ya Azimio ilianza kufyekwa siku ile Ikulu, nasi twadhani hawakukosea sana.

Mara ya pili walitaka kushuka na matambara. Katika vyuo vikuu vya Uingereza iko siku ambayo wanafunzi huvaa mavazi yaliyochanika, wakajipaka masizi, wakapita mjini wakicheka na kuchekesha, na kuwaomba wapita njia fedha kwa ajili ya maskini. Mchezo huo uliletwa Mlimani pamoja na vitabu. Msomaji wa kijijini atauona ni wa ajabu, nasi pia twauona hivyo. Lakini nia yake si mbaya, kwani fedha zilizochangwa zilikuwa za kutoa sadaka. Shida yake ni kwamba katika mji wa Ulaya watu huelewa kuwa tajiri amejifanya maskini kwa siku moja. Katika Dar es Salaam, kijana alalaye juu ya godoro la Serikali akavaa matambara, akapita mbele ya mtu ambaye hayo ndiyo mavazi yake ya kila siku, atakuwa amemchekesha nani?

Waliosema hivyo walikuwa wanafunzi wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1967 kilizaliwa Mlimani chama kilichojulikana kwa herufi USARF, yaani umoja wa wanafunzi wa mapinduzi ya Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni, ambaye tangu mwaka 1986 ni Rais wa nchi yake. Wanachama hawakuwa wengi, lakini walitoka Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi na nchi nyingine. Siku ya matambara ilipokaribia mwaka 1968, chama hiki pamoja na Umoja wa Vijana wa TANU wa pale Chuoni wakasimama kuipinga, wakisema kwamba umaskini si mchezo wa kuigiza. Siku ile ikavunjika, wala desturi hiyo haikurudi tena. Twakumbusha kwamba hakuna mkubwa aliyewaagiza. Wanafunzi walikosoana wao kwa wao, na jambo likaisha.

Chama kile kilikuwa na bidii ambayo sisi waalimu twaweza kuionea wivu. Walikutana asubuhi ya Jumapili (watu wengine wakiwa kanisani, yatubidi kusema) kusoma na kujadiliana juu ya vitabu ambavyo havikuwamo katika masomo yao. Kati ya waliowafundisha alikuwamo Walter Rodney kutoka Guyana, mwalimu wa historia, ambaye kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyolirudisha nyuma bara la Afrika kilitolewa mwaka 1972, na mmoja wa wachapishaji wake ulikuwa Dar es Salaam. Tena hawakutosheka na maneno. Mwishoni mwa mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walikwenda Msumbiji, katika sehemu zilizokuwa mikononi mwa FRELIMO, ili waone kwa macho vita vya ukombozi. Hii ndiyo faida ya chuo kuwa katika mji ule. Vyama vya ukombozi vya nchi za kusini vilikuwa na ofisi zao Dar es Salaam, na mwanafunzi aliyeshuka mjini aliweza kuonana na watu ambao majina yao yalisomwa magazetini.

Mwezi wa Novemba 1969 wakatoa gazeti lao, wakaliita Cheche. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa kati ya watengenezaji wake. Hawakuwa na kiwanda cha chapa. Waliandika kwa mashine, wakarudufu kurasa kwa mikono yao, wakazipanga na kuzibana. Mwaka 1970 likatoka toleo la pekee lenye insha ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria. Insha hiyo ilisema kwamba hata baada ya Azimio la Arusha bado yako matabaka nchini, na wakubwa wa Serikali na mashirika wanapata faida ambayo mkulima haioni. Ilikuwa kazi ya kijana asiyefika bado miaka 25, na wenye elimu wangali wakiisoma hata leo.

Tunalo neno moja tu dhidi ya Cheche, na twalisema kwa heshima. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa kwa Kiingereza. Mtu ambaye habari zake ziliandikwa mle, yaani mchukuzi, mkulima na kibarua, hakuweza kuzisoma. Joho lilikuwa limevuliwa mwilini likabaki ulimini. Mwaka ule ule wa 1969 Ebrahim Hussein, aliyesoma pale pale Mlimani, alitoa mchezo wake wa Kinjeketile, juu ya Vita vya Maji Maji, kwa Kiswahili. Nao umechezwa na kusomwa shuleni kote. Huko Makerere pia, tangu mwaka 1965, wanafunzi na mwalimu wao David Cook walizunguka vijijini na mijini wakicheza michezo bure, na katika lugha za wenyeji. Kwa hiyo haikuwa lazima elimu ya juu ishuke kilimani kwa Kiingereza.

Cheche haikuishi sana. Tarehe 1 Julai 1970 Mlimani pakawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea, Pius Msekwa akakiongoza. Mwezi wa Novemba mwaka huo USARF na gazeti lake vikapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU watosha, na nchi haina haja ya mafundisho ya kigeni. Maana jina la Cheche lilifanana na la gazeti la Lenin wa Urusi. Vijana hawakugombana sana. Wale waliokuwa katika Umoja wa Vijana wakaanzisha gazeti jingine, MajiMaji, wakaendelea. Lakini mwezi wa Julai 1971 rais wa umoja wa wanafunzi, Symonds Akivaga wa Kenya, alikamatwa na askari akarudishwa kwao kwa sababu ya ugomvi na wakubwa wa Chuo, na masomo yakasimama kwa muda.

Katika jambo hili sisi hatuwezi kusema kama watazamaji tu. Tulipokuwa tukisomea ualimu, katika chuo ambacho hatutakitaja, tulikuwa na chama cha mdahalo. Kilistawi sana maadamu hoja zilikuwa za namna ya "Mkulima ni bora kuliko daktari". Jioni moja tukaweka hoja juu ya maharage ya chuo na mahali yalikokwenda mafuta ya kupikia. Kesho yake tukaambiwa kwamba chumba cha mdahalo kimepatiwa kazi nyingine. Hatukupata tena chumba mpaka tukamaliza masomo. Tunacheka sasa, lakini wenzetu kadha wa kadha hawakusema tena hadharani tangu siku ile, na leo ni waalimu wakuu.

Mara ya tatu wanafunzi wa Mlimani walishuka na nguo zao za kawaida. Ilikuwa tarehe 5 Machi 1978. Wabunge, Mawaziri na viongozi wengine walikuwa wameongezewa mapato na marupurupu, na wanafunzi wakaona ni kinyume cha Azimio la Arusha walilofundishwa tangu shule za msingi. Wakatoka Chuoni kwa miguu kuelekea mjini. Safari hii hawakudai kitu cho chote kwa ajili yao. Askari wakawazuia, wakawatawanya kwa nguvu, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa. Umoja wao, uliokuwa ukiitwa DUSO, ukavunjwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA, ambayo ilikuwa chini ya vijana wa Chama cha Mapinduzi.

Msomaji atazame miaka hii miwili, 1966 na 1978, aiweke pamoja kama mtu awekavyo vibaba viwili vya mchele. Katika mwaka wa kwanza wanafunzi walidai fedha zao, wakafukuzwa, na mishahara ya wakubwa ikapunguzwa. Katika mwaka wa pili walipinga fedha za wakubwa, wakafukuzwa vile vile. Sisi twampenda Mwalimu Nyerere, na katika nyumba yetu picha yake iko ukutani. Hata hivyo twaona ya kuwa wale wa 1978 walikuwa wanafunzi wake hasa, kuliko wengine wote. Walikuwa wamejifunza somo lake, wakamsomea.

Na chama kilichowekwa na wakubwa hakikupendwa. Chama ni kama jiko la nyumbani: mtu akikujengea na kukuwashia na kukuchagulia chungu, utakula, lakini hutajifunza kupika. Mwaka 1990 kulikuwa na machafuko tena, Chuo kikafungwa tangu mwezi wa Mei hata mwaka uliofuata. Baada ya hayo wanafunzi wakapata umoja wao mwingine, DARUSO, ambao upo mpaka leo, nao umekwisha kuwa na migomo yake, hasa juu ya mikopo ya kusomea, na viongozi wake wengine wamefukuzwa kama waliowatangulia.

Siku hizi wanafunzi wa Mlimani ni maelfu mengi, na vyama vyao ni vingi kuliko tuwezavyo kuvitaja. Viko vya wanasheria, vya wahandisi, vya wapenda Kiswahili, vya dini zote, vya watu wa wilaya moja, vya biashara, na vya mazingira. Vingine, twasema kweli, ni vya kupiga picha na kugawana fulana. Wako wanafunzi ambao mchana ni wasomi na jioni hununua nguo Kariakoo na kuziuza mabwenini, wala hao hawahitaji chama cha kuwaonyesha njia ya sokoni. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi huunganisha Ubungo na Kariakoo, na safari iliyokuwa ya jasho na vumbi imekuwa fupi. Kilometa zile 13 si kitu tena kwa mtu mwenye nauli.

Hata hivyo kazi tunayoipenda zaidi ni moja isiyo na kelele. Wale wa sheria, warithi wa wanafunzi wachache wa Lumumba, wamekuwa na kamati pamoja na waalimu wao ya kuwasaidia watu wasio na fedha za wakili: mjane aliyenyang'anywa kiwanja, mfanya kazi aliyeachishwa bila haki yake, mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Mwanafunzi huketi, humsikiliza mtu akisema kwa Kiswahili chake, huandika, huuliza tena, kisha hutafuta katika vitabu. Hakuna joho pale, wala matambara, wala bango.

Tulipomaliza kukusanya habari hizi tulikwenda kwa yule mzee jioni, tukamsimulia, naye akasikiliza huku akichonga mpini. Ya majoho yalimkasirisha, ya matambara yalimfanya atikise kichwa, na ya mwaka 1978 alituomba tuyarudie. Kisha akanyamaza kitambo. Akatuambia tulete kalamu, tumwandikie mwanawe kwamba hakasiriki tena kwa kuwa haji likizo, ila ajibu upesi mambo mawili: chama chake ni kipi, na hiyo kazi yake wanaifanyia wapi.